Kabla ya kununua printa ya vitambulisho, muulize mlinzi wa getini

Mhazini wa chama kimoja cha wauza dagaa alinijia ofisini hapa Mwanza na profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji, ndani ya bahasha ya kaki. Zote tatu zimeandikwa "printa ya vitambulisho", ila bei zake zimepishana kama usiku na mchana. Ya kwanza ilikuwa ya printa ya wino wa maji yenye trei ya kadi. Ya pili, printa ndogo ya kadi inayotumia riboni, yaani utepe wa rangi. Ya tatu ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya pili, na maelezo yake yamejaa maneno ambayo sidhani hata aliyeyaandika aliyaelewa.

"Fundi," akaniambia, "kamati inataka hii ya katikati."

"Kwa nini mama?"

"Kwa sababu ni ya katikati."

Nikamwuliza swali ambalo huwa namwuliza kila anayekuja na bahasha ya namna hiyo: kitambulisho chenyewe atakiangalia nani? Akacheka, akadhani natania. Lakini hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Kwa watu wake, anayekiangalia ni mlinzi wa geti la mwalo, pale samaki wanaposhushwa, saa kumi na moja alfajiri, tochi mkononi, foleni ya makuli wenye magunia mbele yake. Ana sekunde mbili. Anataka kuona sura, rangi ya kadi na mwaka. Hahitaji chipu wala alama ya siri inayoonekana kwa taa ya kukagulia noti, kwa sababu taa hiyo hana. Kiwanda cha minofu ya sangara kina hitaji jingine: kadi ifungue mlango na iandike saa ya kuingia kazini. Chuo nacho kinataka msimamizi wa mtihani alinganishe sura na namba ya usajili. Ukishamjua mtazamaji wako, nusu ya profoma zinajiondoa zenyewe mezani.

Tuanze na kadi yenyewe, maana watu hununua mashine kabla ya kujua itachapa kitu gani. Kadi ya kawaida ya plastiki ina urefu wa milimita 85.6, upana wa karibu 54 na unene wa 0.76. Ni saizi ileile ya kadi ya benki na ya kitambulisho cha Taifa. Madukani utaisikia ikiitwa CR80. Ukiona kadi nene ya kufungulia milango, ile yenye tundu juu na mwili kama kifuniko cha plastiki, jua kwamba hiyo haipiti kwenye printa yoyote kati ya hizi. Watu huchapa kadi nyembamba yenye gundi nyuma, wakaibandika juu yake.

Sasa, kuna njia tatu za kuweka picha kwenye kadi.

Ya kwanza ni ile tuliyoizoea kwenye steshenari. Printa za picha za Epson zenye rangi sita, kama L805, ziliundwa kuchapa picha na pia kuchapa juu ya CD. Wajanja wakaigeuza trei ya CD ikawa trei ya kadi, na L8050 iliyofuata ikaja na trei yake ya kadi. Picha inatoka nzuri, pengine nzuri kuliko za njia nyingine, na wino ni rahisi. Siri iko kwenye kadi: lazima iwe imepakwa utando mwembamba unaokunywa wino. Ukiweka kadi ya plastiki ya kawaida, picha utaifuta kwa kidole gumba. Na hata ukiwa na kadi sahihi, picha inakaa ndani ya ule utando tu, haijaingia kwenye plastiki. Jasho, maji na msuguano wa mfukoni vinaula taratibu. Halafu kazi ni ya mkono: unaweka kadi mbili, unangoja, unageuza, unaweka nyingine mbili. Na printa ya wino haipendi kukaa bure. Ukiifungia kabatini miezi miwili, pua zake zinaziba, na wino mwingi utaishia kwenye kuzisafisha.

Ndugu wa njia hii ni karatasi za plastiki za A4: unachapa kadi nyingi kwa pamoja, unafunika kwa lamineti, unapasha moto, kisha unakata kwa kikata kadi. Kwa kazi ya mara moja si mbaya. Udhaifu wake uko pembezoni, ambapo matabaka huanza kuachana, hasa mkataji akiwa na haraka.

Njia ya pili ni ya riboni, na ndiyo wengi wanaimaanisha wanaposema printa ya vitambulisho. Evolis, Zebra, Fargo, Magicard, HiTi, zote hizo zina mashine za namna hii. Ndani kuna kichwa, mafundi wanakiita hedi, chenye mstari wa vitone vya kupasha joto. Kwa kawaida ni vitone 300 kwa kila inchi, kwa hiyo kuuvuka upana wa kadi vinahitajika karibu 640. Riboni inapita kati ya hedi na kadi. Kitone kikipata moto, rangi iliyo kwenye riboni inageuka mvuke na kuzama ndani ya plastiki. Fikiria hina. Hina haikai juu ya ngozi, inaingia. Ndiyo maana picha hizi hazibanduki hata ukikwangua kidogo.

Maandishi meusi ni habari nyingine. Hayo hutumia nyeusi ya rezini, ambayo inakaa juu ya kadi kama rangi ya kucha. Ni kali na ina kingo safi, na ndiyo inayofaa kwa bakodi. Kuna visomaji vinavyosoma bakodi kwa mwanga usioonekana kwa macho. Visomaji hivyo haviioni nyeusi iliyopatikana kwa kuchanganya rangi nyingine tatu, hata kama kwako wewe ni nyeusi tii. Nimeona mtu akirudisha kisomaji dukani mara mbili kumbe kosa liko kwenye mpangilio wa draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa: bakodi ilichapwa kwa rangi ya mchanganyiko.

Kwenye boksi la riboni utakuta herufi YMCKO. Ni mpangilio wa vipande: njano, majenta (pinki iliyokoza), sayani (buluu ya anga), nyeusi, na mwisho ganda angavu la kulinda picha. Kila kadi inapita chini ya hedi mara tano, kipande kwa kipande. Sikiliza sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize: kadi moja inamaliza seti nzima. Uchape picha ya ziwa lote kutoka Capri Point hadi Ukerewe, au uchape nukta moja nyekundu, riboni imesogea hatua zilezile. Riboni ya kadi 200 ni ya kadi 200, na kadi ulizoharibu zimo kwenye hesabu hiyo. Mimi huweka tano za kuharibika kwa kila mia, na bado kuna siku hazitoshi.

Zipo riboni zenye vipande vya rangi vilivyokatwa nusu, kwa kadi ambazo rangi iko upande mmoja tu, tuseme pale penye picha. Zinapunguza gharama. Zipo pia zenye K ya ziada mwishoni, kwa ajili ya kuchapa maandishi meusi upande wa nyuma. Na ipo riboni ya nyeusi peke yake, ambayo moja inatoa kadi elfu moja na zaidi. Hii ya mwisho nitairudia, ndiyo kipenzi changu.

Njia ya tatu, ile ya profoma ya bei kubwa, huchapa kinyume juu ya filamu angavu kwanza, kisha filamu inabandikwa kwenye kadi kwa moto. Hedi haiigusi kadi kabisa. Kwa hiyo kadi yenye chipu na mwinuko wake haisumbui, picha inafika mpaka ukingoni bila ule uzi mweupe unaoachwa na printa za njia ya pili, na unaweza kutumia plastiki ngumu zaidi. Unalipia riboni na filamu, viwili badala ya kimoja. Ni mashine nzuri sana. Kwa kiwanda chenye milango ya kielektroniki na mamia ya wafanyakazi, ningeitetea mbele ya bodi yoyote. Kwa chama cha wauza dagaa ni kununua basi ili kupeleka mtoto shule. Na ule uzi mweupe una dawa ya bure: mwambie mchora kadi aache pembezoni peupe tangu mwanzo, hakuna atakayeuona.

Nikamrudisha mama kwenye hesabu. Hizi si bei za soko, ni tarakimu za kuelewea. Tuseme printa ni shilingi 3,500,000. Riboni ya kadi 200 ni 160,000, yaani 800 kwa kadi. Kadi tupu ni 400. Kwa hiyo kila kitambulisho kinakugharimu 1,200 ukichapa mwenyewe. Tuseme pia kuna mtu mjini anayekuchapia kwa 4,000. Unaokoa 2,800 kwa kila kadi, na ukigawa bei ya mashine kwa hiyo 2,800 unapata kadi 1,250. Ndipo printa inapoanza kujilipa.

Chama chake kina wanachama 600, na kila mwaka wanaingia wapya kama 80 hivi. Kama kadi haina mwisho, watachapa 600 mwaka wa kwanza, halafu 80, halafu 80. Watafika 1,250 baada ya miaka tisa, na sijui ni printa gani ya namna hii itakayokuwa bado inapumua. Lakini kama katiba yao inataka kadi mpya kila baada ya miaka miwili, mambo yanageuka: 600, kisha 80, kisha 600 nyingine mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Tayari ni 1,280.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo kumbe tunagombania tarehe, si printa."

Ndivyo. Muda wa kitambulisho kuisha ndio unaoamua kama mnunue au mchapishe nje, na vikao vingi havijawahi kuujadili. Wanaunakili tu kutoka kwenye kadi ya chama kingine.

Kuna kona nyingine ya hesabu. Riboni ina umri. Boksini pameandikwa tarehe, na ukiiweka kwenye joto au jua inaharibika kabla hata ya tarehe hiyo. Ofisi inayonunua riboni kumi kwa sababu zilikuwa na punguzo, huku inachapa kadi sita kwa mwezi, itakuja kuzitupa. Nyingi za kisasa zina kichipu kidogo kinachoongea na printa, na baadhi ya makampuni huzifunga riboni zao kwa kanda: uliyoagizia Ulaya inaweza kukataliwa na printa iliyouzwa kwa ajili ya Afrika, hata kama jina kwenye boksi ni lilelile. Kabla ya kulipa, taka namba kamili ya riboni inayokubaliwa na mashine hiyo, kisha zunguka mjini au piga simu Dar es Salaam uone nani anayo leo hii, kwa bei gani, VAT ikiwa ndani. Printa rahisi ambayo riboni yake inakuja kwa basi, kilomita zaidi ya elfu moja, kila mara chuo kinapofungua, itakutoa jasho.

Sasa kile kipenzi changu. Shirika lenye watu wengi na kadi ya muundo mmoja linaweza kupeleka kadi zikachapwe rangi zote za mandhari na nembo kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa maelfu, kisha ofisini likachapa jina na namba kwa riboni nyeusi tu. Gharama kwa kadi inashuka sana. Kama picha inakubalika ikiwa nyeusi na nyeupe, nayo inaingia humohumo, ingawa sura haitakuwa na ulaini wa picha ya rangi. Tahadhari yake ni moja: kadi hizo zilizo nusu tayari ni kama vitabu vya risiti vilivyogongwa muhuri. Zihesabiwe, zifungiwe, na ufunguo usiwe kwa mtu yuleyule anayechapa.

Vumbi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo printa nyingi za huku kwetu zinapofia.

Ofisi moja hapa jijini ilinipigia ikisema kadi zote zinatoka na mstari mweupe. Nikaenda. Kweli, kila mfanyakazi alikuwa na uzi mweupe ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, ukikata nyusi ya kushoto. Mkurugenzi naye amekatwa, mfagizi naye. Printa ilikuwa mezani, dirisha wazi, nje barabara ya vumbi, ni kiangazi. Kadi tupu zimetolewa kwenye plastiki yake, zimepangwa mezani kama karata. Na kijana anayezilisha alikuwa anakula mihogo ya kukaanga.

Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kadi, inapita chini ya hedi kama jiwe chini ya kioo. Inakwangua kitone kimoja kati ya vile 640. Kitone kikifa, mahali pake hapapati joto tena, na palipokosa joto hapana rangi. Kwa kuwa kadi inapita kwa urefu, unapata mstari wa urefu. Hedi haitengenezwi, inabadilishwa, na bei yake ni sehemu nzito ya bei ya printa nzima. Kwenye dhamana wataangalia mambo mawili: umetumia riboni halisi, na umesafisha kwa ratiba. Mashine yenyewe inahesabu kadi na inakumbuka ni lini ulipitisha kadi ya kusafishia, ile iliyoloweshwa spiriti ya aisopropili. Usije ukadhani utawadanganya.

Kuzuia ni kazi ndogo. Kadi zikae kwenye plastiki yake mpaka dakika ya kutumika, zishikwe pembeni, mikono iwe mikavu. Rola yenye kunata ndani ya printa ibadilishwe kila riboni inapobadilishwa, maana mara nyingi imo kwenye boksi hilohilo na watu wanaitupa wakidhani ni kifungashio. Mashine ifunikwe. Kama chumba kina dirisha upande wa barabara, ihamishe. Usingoje ahadi ya lami. Na iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika kadi ikiwa imepata njano na majenta tu, kadi imekwenda na kipande cha riboni kimekwenda.

Sura zetu na majina yetu

Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaotia giza nyuso nyeusi. Kwenye skrini mtu anaonekana vizuri, kwenye kadi macho yamezama na pua haionekani. Usikubali jibu la "ndivyo inavyochapa". Kwanza, piga picha karibu na dirisha au kivulini nje, si chini ya jua la saa sita wala chini ya taa moja ya dari. Nyuma weka ukuta au kitambaa cha kijivu au buluu hafifu; nyeupe kabisa inaidanganya kamera na uso unazidi kuwa mweusi. Kisha chagua mtu mweusi kuliko wote na mweupe kuliko wote katika orodha yako, chapa kadi zao mbili, rekebisha mwangaza kwenye draiva mpaka wote wawili wawe watu. Ndipo uchape mia sita.

Kosa jingine nalikiri ni langu. Nilipewa orodha ya watumishi wa shule ikiwa kwenye Excel, yenye namba za NIDA, zile za kitambulisho cha Taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel, ukiiachia ione namba kama namba, inatunza tarakimu 15 tu; zilizobaki inazigeuza sifuri. Nilichapa kadi zote bila kutazama. Mwalimu mmoja ndiye aliyegundua, akasema namba yake haijawahi kuishia na sifuri tano, na ya mwenzake pia, na ya mkuu wa shule pia. Tangu siku hiyo safu ya namba naifanya kuwa maandishi kabla ya kubandika kitu chochote, na naangalia pia namba za simu kama sifuri ya mbele ipo. Angalia vilevile majina yenye Ng'. Kanda ya ziwa tunayo mengi, na kuna programu ambazo kile kijialama cha juu zinakigeuza kiboksi. Picha zipewe majina ya namba ya uanachama, si majina ya watu, maana Mabula wako saba.

Na kabla hujafurahia programu iliyokuja bure na printa, uliza kama inasoma Excel. Matoleo mengi ya bure hayasomi. Utaandika jina moja moja mpaka usiku.

Kinachobaki kwenye pipa la taka

Hili watu hawalijui. Riboni iliyotumika si takataka. Chukua moja, ifungue, inyanyue kuelekea dirishani: utawaona watu wote mliowachapa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja katika njano, majenta na sayani kama negativu za zamani, na kwenye kipande cheusi majina na namba zao zimetoboka, zinasomeka wazi kabisa. Niliwahi kuiona moja imefungiwa mche wa mnyanya kwenye bustani nyuma ya ofisi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inawajibika kuzilinda. Riboni ikatwekatwe au ichomwe. Kama unachapisha nje, andika kwenye mkataba kwamba riboni zilizotumika unarudishiwa na faili linafutwa kwenye kompyuta yao. Baadhi ya printa zina uwezo wa kuchafua kipande cheusi baada ya kuchapa ili kisisomeke. Kwa hospitali au taasisi ya fedha ningelipia nyongeza hiyo. Na namba ya NIDA usiiweke ndani ya QR inayosomwa na simu yoyote. Weka namba ya uanachama, mengine yabaki kwenye daftari lenu.

Juu ya chipu nitasema kidogo. Kama milango yenu ina visomaji tayari, wa kwanza kuulizwa ni aliyevifunga, si muuza printa: vinatumia mawimbi ya kilohezi 125 au megahezi 13.56? Kadi za aina moja hazisomwi na kisomaji cha aina nyingine. Zile za 125 zinanakiliwa kirahisi mno, na MIFARE Classic, aina ya kadi za 13.56 iliyoenea sana, nayo ulinzi wake ulivunjwa hadharani mwaka 2008, kwa hiyo kama mlango unalinda kitu cha maana dai kizazi kipya zaidi. Na kuchapa kadi ya chipu si kuandika ndani ya chipu. Kifaa cha kuandikia huuzwa kama nyongeza, na si kila printa inakubali kiongezwe baadaye.

Printa ya pande mbili? Ukiwa na kadi nyingi, ndiyo. Kugeuza kwa mkono kunaonekana rahisi mpaka kadi moja ikwame katikati, uruke mstari, na kuanzia hapo kila mtu ana mgongo wa jirani yake.

Kifuko nacho kina siasa zake. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonukia upya vina mafuta yanayoifanya plastiki iwe laini, na mafuta hayo yanavuta rangi kutoka kwenye kadi. Baada ya miezi unatoa kadi, nusu ya uso imebaki kwenye kifuko. Nunua kile kigumu.

Mama wa dagaa alikubali nifanye jaribio kabla kamati haijakaa. Nilitengeneza kadi tatu za makuli watatu wa Mwaloni Kirumba, kila mmoja na sura yake: moja ya wino wa maji, moja ya riboni yenye ganda la kawaida, moja ya riboni iliyoongezwa lamineti ya moto juu. Sikuwapa kifuko. Nikawaambia wazivae au waziweke mfukoni wafanye kazi zao, chumvi, maji, magunia, na jua la vichanja.

Wiki mbili baadaye tulikutana getini. Kadi ya wino wa maji ilirudi bila pua. Ya lamineti ilikuwa safi, ila harufu yake ilijaza gari. Ya riboni ya kawaida sura ilikuwepo yote, lakini mwaka ulioandikwa pembeni ulikuwa umekwanguka kabisa. Mama akaona huo ndio mtihani wenyewe, akamkabidhi mlinzi ile iliyopoteza mwaka, atuambie kama angemruhusu mwenye nayo.

Mlinzi akawasha tochi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Akaigeuza kadi huku na huku, akamtazama kuli, akairudisha.

"Huyu namjua," akasema. "Apite."